KULALA HUKU, KAZI KULE: NANI ALIPAYE NJIA?



Kuna neno linalosemwa siku hizi malangoni mwa mashamba na mahoteli ya pande zetu za Mlima Kenya. Husemwa na mnyapara, husemwa na karani wa kuandika watu, na wakati mwingine, jambo la aibu, husemwa na sisi kwa sisi. Neno lenyewe ni hili: "Wewe si wa hapa." Mtu amelala Nanyuki, ambayo ni Laikipia, akaamka kwenda Timau, ambayo ni Meru, kutafuta kibarua cha maua, aambiwa si wa hapa. Mwingine nyumba yake i Naro Moru, katika Nyeri, na kazi yake i Nanyuki, siku anayouliza habari ya posho ya nyumba aambiwa, "Kwani kwenu hamna nyumba?" Mwingine hutoka Karatina kila siku kushuka Sagana, katika Kirinyaga, naye akichelewa kwa sababu ya matatu hukatwa ujira wa siku, na akiumia njiani hapana amjuaye.

Neno hilo twataka kulijibu leo. Tutalijibu kwa hesabu na kwa sheria, maana kelele tumezipiga miaka mingi na matajiri wamekwisha kuzizoea.

Kwanza tuseme jambo ambalo wengi hawalijui, au wamesahaulishwa. Kaunti hizi zilizaliwa na Katiba ya mwaka 2010, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 39, yampa kila raia haki ya kwenda na kukaa mahali popote pa Kenya. Ibara ya 41 yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kufanya kazi katika hali njema, ya kuingia chama na ya kugoma. Hapana mahali palipoandikwa "kila mfanyakazi aliyelala katika kaunti ya kazi yake". Tena Jedwali la Nne la Katiba limeviweka viwango vya kazi mikononi mwa Serikali ya Taifa. Basi ikiwa gavana mwenyewe hakupewa mamlaka ya kupanga viwango vya kazi, mnyapara wa lango ameyapata wapi?

Na mipaka yenyewe, ndugu, ni ya kuchekesha mtu asipokuwa na njaa. Mtu aliyeko Nanyuki akiwa na baiskeli nzuri aweza kukanyaga kaunti tatu kabla ya chai ya saa nne: Laikipia alikolala, Meru akielekea Timau, na Nyeri akirudi kwa njia ya Naro Moru. Barabara ni moja, baridi ni moja, bei ya unga ni moja. Kinachobadilika ni kibao cha "Karibu" kando ya barabara.

MSTARI HUU TWAUJUA

Watu wa Nyeri hawakuanza jana kulala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Babu zetu walikuwa na mpaka wao, nao ulikuwa mkali kuliko mipaka mingi ya nchi na nchi. Huku ilikuwa rizavu. Kule, Mweiga, Naro Moru, Nanyuki, yalikuwa mashamba ya Wazungu. Mwaka 1939 amri iliyotoka Uingereza ilitia muhuri mipaka ya Nyanda za Juu, hata Mwafrika asiweze kumiliki ardhi humo. Kuvuka ili kufanya kazi aliruhusiwa, tena alitafutwa sana. Kuvuka ili kukaa kama mwenyeji, hapana.

Mlinzi wa mstari ule alikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume wa Kiafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alitakiwa kukichukua, wengi wakikitundika shingoni katika kikopo cha chuma kama kengele ya mbuzi. Humo mliandikwa jina la tajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuiacha na ujira aliolipwa. Mtu ambaye tajiri hakumtia sahihi ya kumwacha hakuweza kuandikwa kwingine. Alihesabiwa mtoro, na askari walimtafuta. Wazee wetu walipigania kukiondoa kipande kile kwa miaka zaidi ya 25.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, na mstari ukakazwa tena. Mwaka 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa pasi zao za pekee, asiye nayo hana ruhusa ya kutoka. Kuanzia mwaka huo watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa lazima na kusongamanishwa katika vijiji vyenye walinzi na amri ya kutotoka usiku, na pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya watu walichimbishwa handaki refu, wake kwa waume, bila ujira. Wajukuu wa waliolichimba ndio leo wanaosimama barabarani saa kumi na moja alfajiri wakingoja gari la shamba.

Lakini katika yote yale, lililoumiza kwa muda mrefu zaidi ni hesabu ya mshahara. Tajiri wa wakati ule alisema hivi: huyu kibarua ana mke na shamba huko rizavu, wanakula viazi vyao na mahindi yao, basi nitampa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke, na rizavu itamlisha mkewe na watoto. Kwa maneno mengine, mama aliyelima kule ng'ambo ya mstari ndiye aliyekuwa akimsaidia tajiri kulipa mshahara, na wala hakujua! Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bwana Carpenter, nayo ni kamati ya Serikali yenyewe ya kikoloni, ilikiri kwamba mshahara wa mtu mmoja haufai, na kwamba ujira wapasa umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Serikali ya kikoloni ilikiri hivyo. Lakini kwa vitendo, hesabu ile ya rizavu bado haijafa. Imebadili nguo.

FUNGUENI AGIZO LA MISHAHARA

Agizo la mishahara la mwaka 2024, lililotoka na nyongeza ya asilimia 6 kuanzia Novemba, limeigawa nchi sehemu tatu. Katika miji mikuu kama Nairobi, kima cha chini cha kibarua wa kawaida kwa mwezi ni shilingi 16,113. Katika miji iliyokuwa na mabaraza ya manispaa, na mingine michache iliyotajwa, ni shilingi 14,866. Halafu pana sehemu ya tatu, iitwayo "maeneo mengine yote", na humo kima ni shilingi 8,596. Chini kabisa yuko kibarua wa shamba, ambaye ana agizo lake peke yake, naye aliwekewa shilingi 7,997. Ni kweli kwamba penye chama na mkataba wa pamoja watu hulipwa zaidi ya hapo, na ndiyo sababu matajiri wengine hawapendi kukisikia chama. Lakini kima cha chini ndicho sakafu, na sakafu ikiwa bovu nyumba yote huyumba.

Kibarua wa kawaida ni nani? Sheria yamtaja: mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, bawabu wa mchana, tarishi. Yaani watu wetu.

Sasa tazameni. Tuseme mfagiaji amepanga chumba Majengo, Nyeri mjini. Akipata kazi katika hoteli iliyoko mjini, kima chake ni 14,866. Akipata kazi ile ile, ufagio ule ule, katika hoteli ya watalii huko nje kuelekea Mweiga, kima chake kinaanguka mpaka 8,596. Amepoteza shilingi 6,270 kwa kuvuka mstari ambao hata haukuchorwa chini. Na jioni anarudi Majengo, kwa mwenye nyumba yule yule anayetaka kodi ile ile. Duka halina bei mbili, moja ya waliofanya kazi mjini na moja ya waliofanya kazi nje. Karo ya mtoto haigawanywi sehemu tatu.

Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba huko nje maisha ni rahisi. Rahisi kwa nani? Fikira iliyo nyuma ya neno hili ni kwamba mtu wa nje ana shamba lake, ana kuku, ana mboga, hanunui kuni. Ndiyo ile ile hesabu ya rizavu! Wako wenye vijishamba, hatukatai. Lakini mashamba ya Nyeri yamegawanywa baba kwa mwana mpaka mengine hayatoshi kugeuza jembe, na wengi wa vijana waliokwenda kutafuta kazi Nanyuki na Timau walikwenda kwa sababu hawana hata robo ekari. Hao hawana mama wa rizavu wa kuwalipia nusu ya mshahara.

Posho ya nyumba nayo hufuata njia hiyo hiyo. Agizo laagiza asilimia 15 juu ya kima. Kwa mtu wa 14,866 hiyo ni kama shilingi 2,230. Kwa mtu wa 8,596 ni kama shilingi 1,289. Twawaomba matajiri watuonyeshe chumba chenye mlango na paa lisilovuja, Nyeri au Nanyuki, kinachopangishwa kwa shilingi 1,289. Tutakwenda kukitazama sote, chama kitalipa nauli.

Na tusisahau kwamba tangu Sheria ya Nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, kila mfanyakazi aliyeandikwa hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara, na tajiri hutoa kiasi hicho hicho. Katika kila shilingi 10,000 zinatoka 150 za mfanyakazi. Huyu mfagiaji wetu hukatwa pesa za kujenga nyumba, huku posho yake mwenyewe ya nyumba haimpatii chumba. Huo ni mjadala wa siku nyingine, lakini upo.

KIFUNGU CHA 31

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba tajiri atampa kila mfanyakazi wake nyumba ifaayo, mahali pa kazi au karibu na hapo, kwa gharama ya tajiri. Au atamlipa, juu ya mshahara, fedha za kutosha kupanga nyumba ifaayo. Someni tena: za kutosha. Sheria haikusema "kidogo cha kumnyamazisha".

Zamani mashamba mengi yalikuwa na kambi zao, laini tulizoziita. Hatuzisifu. Chumba kimoja kwa watu wanne, moshi, choo cha mbali, na siku ukiachishwa kazi unatupwa nje na sufuria zako. Siku hizi tajiri ameona ni nafuu kutokujenga kitu. Watu watakaa mjini, watajijua, gari litawaokota au hawataokotwa. Hivyo mzigo wa nyumba umehamishwa kutoka shambani hadi mjini, kisha tajiri anamlipa mtu kwa kiwango cha shambani. Anataka faida ya pande zote mbili za mstari.

Jihadharini pia na mlango wa nyuma. Kifungu hicho hicho chasema hakimhusu mtu ambaye mkataba wake umeunganisha fedha ya nyumba ndani ya mshahara. Ndiyo sababu makarani wengine huleta karatasi asubuhi ya kwanza, mtu ana baridi, ana haraka, anaambiwa tia sahihi hapa, nayo imeandikwa kwamba mshahara ni "pamoja na nyumba". Akija kudai baadaye aonyeshwa sahihi yake. Mtu asitie sahihi karatasi asiyosomewa. Kama haijui lugha yake, aite mwenzake, aite mjumbe wa chama. Na kila mwezi adai hati ya mshahara inayoonyesha kila kitu mahali pake, maana kifungu cha 20 cha sheria hiyo chamlazimu tajiri kuitoa.

NJIA NI SEHEMU YA KAZI

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. (Weka wewe nauli yako, unaijua kuliko sisi.) Siku 26 za kazi ni shilingi 5,200. Kwa mtu wa 8,596 zabaki 3,396 kabla hajanunua hata kiberiti. Ikiwa nauli yake ni nusu ya hiyo, bado 2,600 zimekwenda na kondakta. Na saa? Mtu anayetumia saa moja kwenda na saa moja kurudi hutoa saa 52 kwa mwezi. Saa 52 ndizo saa za juma zima la kazi katika agizo la mishahara! Kila mwezi huyu mtu humpa tajiri juma moja barabarani, na hapana mahali linapoandikwa.

Wale wa maua wanayajua haya zaidi. Inapokaribia 14 Februari, sikukuu ya wapendanao ya huko Ulaya, na tena kabla ya siku ya akina mama, vyumba vya kufungia maua havilali. Waridi haliwezi kungoja. Ndege ina saa yake. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni akina mama na dada zetu. Watolewa humo usiku, na gari la mchana halipo. Ndipo mama mwenye watoto Nanyuki husimama kando ya barabara ya Timau katika baridi ya mlima, akichagua kati ya bodaboda ya mtu asiyemjua na kutembea gizani. Mzungu anayempa mkewe waridi hilo hana habari. Lakini msimamizi wa zamu ana habari, kwa maana yeye anapanda gari lake na kuwapita hapo.

Na ajali je? Hapa twaomba kila mjumbe asome pole pole, maana hapa ndipo watu hupoteza haki bila kujua. Sheria ya Fidia kwa Majeruhi Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 10, yasema kwamba mfanyakazi akisafirishwa bure kwenda kazini au kurudi, katika gari ambalo tajiri amelitenga kwa kazi hiyo na kuendeshwa na tajiri au mtumishi wake, safari hiyo yahesabiwa kuwa ni kazini. Gari likipinduka, umeumia kazini, na fidia ni haki yako.

Hilo ni jema. Lakini tazameni maneno matatu. La kwanza, "bure". Tajiri akikukata hata shilingi chache za gari kila mwezi, mtu wa bima atasema hukusafirishwa bure. La pili, gari "lililotengwa". Lori la mbolea lililokuchukua kwa hisani ya dereva, utabishaniwa nalo. La tatu, dereva awe "mtumishi wa tajiri". Siku hizi mashamba na mahoteli hukodi matatu za watu wengine. Dereva wa matatu hiyo si mtumishi wa shamba. Ajali ikitokea, shamba litasema uliza mwenye gari, mwenye gari atasema uliza bima yake, na mjane atakuwa na kazi ya kuzunguka maofisi. Na yule anayepanda matatu ya kawaida kwa nauli yake, kwa kuwa tajiri hakuleta gari lolote, huyo hayumo kabisa katika kifungu hiki. Yaani tajiri asiyefanya lolote ndiye mwenye usalama zaidi! Hapo sheria ina tundu, na tundu hilo twaweza kuliziba wenyewe katika mkataba wa pamoja, tusingoje Bunge.

WENZETU WA MIPAKA MINGINE

Wengine watasema haya ni mambo ya Mlima Kenya tu. Sivyo. Busia ni mji wenye jina moja na nchi mbili, Kenya na Uganda, na wako watu wanaolala upande mmoja na kuuza nguvu zao upande wa pili. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2010, katika ibara ya 10, wakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama katika kazi na ujira kwa sababu ya uraia wake. Hatusemi mkataba huo wafuatwa vizuri. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara ndogondogo za namna 15, na kelele zikawa kubwa huku Kenya. Lakini angalau imeandikwa. Basi ni ajabu kwamba Mganda ana karatasi ya kumlinda akivuka nchi, na mtu wa Naro Moru, raia wa Kenya tangu babu yake, aambiwa langoni kilomita chache kutoka kwake kwamba si wa hapa.

Tazameni tena Geneva, katika Uswisi. Kila siku watu zaidi ya laki moja wanaokaa Ufaransa wana kazi katika jimbo hilo. Septemba 2020 watu wa jimbo walipiga kura na kupitisha kima cha chini cha faranga 23 kwa saa, nacho ni cha kazi inayofanyika jimboni, hata kama aifanyaye halali hapo. Anayelala Ufaransa, ambako nyumba ni rahisi, alipwa kama anayelala Geneva. Mfaransa huyo avuka mpaka akiufuata mshahara mkubwa. Sisi huvuka mstari tukiuacha nyuma! Twalala palipo ghali na kulipwa kwa kiwango cha palipo rahisi. Na huko Geneva nako wako wanasiasa waliojipatia kura kwa kuwatukana watu wa mpakani, kwamba wanaziba barabara na kunyakua kazi. Mbinu hiyo haina kabila wala rangi.

KWA WANAOSEMA "KAZI ZA HAPA KWA WATU WA HAPA"

Wamo na wanachama wetu wanaosema hivyo, nasi hatuwadharau. Kijana wa Buuri aliyezaliwa akitazama ua wa shamba kubwa, aliyeona maji ya mto yakienda kwenye mapipa ya maua huku mama yake akichota kwa foleni, ana uchungu wa haki. Anaona magari yakileta watu kutoka Nanyuki na yeye amebaki langoni na barua ya chifu mkononi. Tungekuwa sisi tungekasirika.

Lakini ndugu, ni nani aliyepanga foleni hiyo? Tajiri anaye mtu wa hapa na mtu wa kule. Akimwambia wa hapa, "Wewe hupandi gari, huhitaji nauli, basi pokea kidogo," na kumwambia wa kule, "Wewe si wa hapa, basi shukuru kwa chochote," amewapunguza wote wawili kwa ulimi mmoja. Siku wa hapa akidai nyongeza, wa kule yuko langoni. Siku wa kule akidai gari la usiku, wa hapa yuko langoni. Kijana wa Buuri angepata kazi na bado angelipwa ile ile 7,997. Uchungu wake wa maji na wa ardhi apeleke panapohusika, nasi tutamsindikiza. Asiumalizie kwa mama wa Nanyuki aliyebeba chakula chake cha mchana katika mfuko wa plastiki.

Chama nacho kijitazame. Mtu analala eneo la tawi hili na kufanya kazi eneo la tawi lile. Akipeleka shauri lake huku aambiwa, nenda kule. Akienda kule aambiwa, kadi yako ni ya huku. Jambo hilo twaliona ni baya kuliko la mnyapara, kwa kuwa mnyapara hakutukuta na ada yetu mkononi. Matawi ya Nyeri, Nanyuki, Meru na Kirinyaga yapasa yawe na daftari moja la watu wanaovuka, na shauri lililopokewa mahali pamoja lisirudishwe. Mahakama ya Ajira iko Nyeri. Shauri la ujira likifika huko halitaulizwa lililala kaunti gani.

TWADAI NINI

Katika mazungumzo ya mkataba ujao twataka wajumbe wetu waweke mezani mambo haya, na wasiinuke kabla hayajajibiwa. Posho ya nyumba ihesabiwe kwa mahali ambapo mfanyakazi anapanga kweli, ikiwa tajiri hana nyumba ya kumpa. Gari la shamba au la hoteli liwe bure, na ajali katika gari hilo ihesabiwe ya kazini hata kama gari ni la kukodi na dereva ni wa mtu mwingine. Pasipo gari, nauli ilipwe, na ajali ya njiani itiwe katika bima ya tajiri. Zamu ikiisha usiku, hapana mtu kutolewa nje ya lango mpaka gari lifike. Kuchelewa kwa gari la tajiri kusikatwe mshahara wa abiria. Na swali la "wewe ni wa wapi" litolewe katika karatasi za kuandika watu. Waulize mtu anajua kazi gani.

Kwa Serikali twasema: sehemu ile ya tatu, "maeneo mengine yote", ifutwe. Ikiwa haiwezi kufutwa mara moja, ipandishwe kila mwaka kuliko zile nyingine mpaka zikutane. Asilimia 6 juu ya 16,113 na asilimia 6 juu ya 8,596 huonekana kuwa sawa kwenye karatasi, lakini kila zikipanda hivyo shimo kati yao huzidi kuwa refu. Kibarua wa shamba naye aletwe ndani ya agizo la wote.

Wajumbe hawawezi kwenda mezani mikono mitupu. Kila mwanachama anayevuka kaunti, au anayetoka mjini kwenda kazi ya nje, alete ofisini hati zake za mshahara za miezi mitatu iliyopita, aandike nauli yake ya kwenda na kurudi, saa anayotoka nyumbani na saa anayorudi, na kodi ya chumba anayolipa. Aliyekatwa pesa za gari alete karatasi inayoonyesha. Aliyeumia njiani, au jamaa wa aliyekufa njiani, aje hata kama ni zamani, tutazame kama muda wa kudai bado upo. Majina hayatasomwa mbele ya tajiri. Asiyejua kuandika aje vivyo hivyo. Karani wa tawi ataandika, na ofisi Jumamosi haitafungwa mpaka wa zamu ya mwisho wamefika.